Alichobakisha Baba

Juzi nilisahau wali motoni. Nilikuwa nimesimama kwenye veranda, hapa kwangu Njiru, nikigombana kwa simu na fundi wa milango ambaye ahadi zake zimenichosha, na niliporudi jikoni nikakuta mchele umekunywa maji yote, umelainika, umekuwa bokoboko. Wanangu walichungulia sufuria, wakatazamana. Mkubwa akauliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Nikamwambia mgonjwa ni yule fundi, siku nitakayompata. Halafu mvuke ukanipanda puani, mtamu na mzito, na machozi yakaanza kunitoka. Tulimzika Baba kabla ya mvua hizi kuanza, na tangu siku hiyo sikuwa nimelia ipasavyo. Sikutarajia kwamba nitakuja kulizwa na sufuria ya wali mbele ya watoto. Niliwapakulia, wakala kwa vijiko huku wakinung'unika, nami nikaketi pembeni na sahani yangu bila kuigusa.

Tulikaa Kariobangi, katika ploti ya vyumba vinavyotazamana, ujia mmoja katikati na bomba moja la maji mwishoni. Kwetu tulikuwa wanne: Baba, Mama, kaka yangu Wafula na mimi. Baba alikuwa fundi wa sufuria. Kutwa nzima aligonga bati katika kibanda cha jua kali karibu na soko, na jioni alirudi masikio yakiwa bado yamejaa nyundo, akizungumza kwa sauti kubwa kana kwamba sisi tuko ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa kitinda mimba. Nilipewa jina la mamake Baba, Nanjala, jina la msichana aliyezaliwa msimu wa njaa, ingawa mimi nilizaliwa mjini ambako njaa haina msimu. Kwa sababu ya jina hilo Baba aliniita mama, na nilijiona mkubwa kuliko Wafula, ambaye yeye aliitwa Wafula tu.

Sasa, kwa watu wetu wa magharibi, mzee wa nyumba hamalizi chakula. Hupakuliwa kwanza, hupakuliwa vizuri, na kabla ya kufika chini ya sahani huacha kitu: tonge la ugali, kipande cha nyama, mchuzi wa kuchovyea. Hicho ni cha mtoto mdogo. Si kwamba mtoto ana njaa, maana mtoto huyo ameshakula chake na pengine cha mwenzake. Ni desturi tu, na mwanamume anayefuta sahani mpaka ing'ae huku mtoto wake yuko macho angeangaliwa vibaya na mamake mzazi. Mimi nilikaa karibu na goti la Baba la kushoto, nikijifanya nacheza, nikihesabu kwa macho kila tonge lililoingia kinywani mwake. Mwishowe sahani ilisogezwa upande wangu. "Malizia, mama," alisema. "Nimeshiba." Wafula, aliyekuwa ameshika nafasi hiyo kabla sijazaliwa, alinitazama kwa dharau ya mtu aliyestaafu. Nami niliamini kwamba Baba ameshiba. Watu wazima walisema mambo mengi ambayo sikuyaamini, lakini hilo niliamini.

Halafu Baba akaugua. Alirudi kutoka kazini mapema siku moja, ameinama, ameshikilia tumbo, na kufikia jioni tumbo lile lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Alikuwa hapati choo wala hapitishi hewa, na kila alichokunywa kilirudi. Majirani wakamwinua wakampeleka hospitali. Mama aliondoka nyuma yao na leso begani, akatuacha na maneno mawili: tufunge mlango. Kesho yake tukaambiwa Baba amepasuliwa, atapona, twende tukacheze. Wafula, aliyekuwa akijua kila kitu hata asichokijua, alinipeleka kwenye bomba, akachukua mpira wa maji, akaukunja na kuusokota mpaka maji yakakatika.

"Utumbo wa buda ulijisokota hivi," alisema. "Wakaukata hapa, wakatupa kipande."

Nilichotaka kujua ni jambo moja tu, nalo Wafula hakuweza kunijibu: chakula sasa kitapitia wapi?

Jibu la swali hilo watu wote wazima wa nyumba yetu walilijua, na hakuna aliyeniambia. Madaktari walikuwa wamekata sehemu ya utumbo iliyokwisha kufa, na ncha iliyobaki wakaitoa nje kwenye ubavu wa tumbo, ikafunikwa kwa mfuko. Choo kiliingia katika mfuko huo. Haikuwa iwe hivyo daima. Jeraha likishapona na nguvu zikirudi, wangempasua mara ya pili, waunge utumbo, waurudishe ndani, na mfuko utupwe. Ila lazima mwili wake unenepe kwanza. Alikuwa amekonda kiasi kwamba hakuna daktari ambaye angethubutu kumgusa tena. Kwa hivyo kila kitu, kazi yake, heshima yake, jinsi atakavyokaa kanisani na atakavyolala na mkewe, kilitegemea chakula kiingie na kikae. Haya ninayaandika kwa ujuzi wa leo. Wakati ule niliona tu mwanamume mwembamba akishuka kwenye teksi, koti la baridi mwilini saa sita za jua kali, mkono mmoja ukishika ubavu kama mtu aliyeficha mkate.

Mama alikuja na maagizo ya hospitali kichwani, akiyarudia polepole kama mtu aliyebeba maji bila kifuniko. Ale kidogo kidogo, lakini mara nyingi. Atafune mpaka kilainike chenyewe. Anywe maji na uji mwepesi siku nzima. Sukuma, maharagwe, githeri na kabeji vikae kando mpaka tumbo lizoee. Ukiondoa vitu hivyo vinne katika nyumba ya Kariobangi, jamani, unabaki na meza na viti. Kilichoruhusiwa kilikuwa chakula cha sikukuu: yai la kuchemsha, samaki aliyetolewa miiba, kuku bila ngozi, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, na wali uliopikwa mpaka ukawa bokoboko. Yai na samaki ndivyo vingeshona kidonda na kurudisha nyama mwilini, ndivyo walivyomwambia. Sisi wengine tuliendelea na ugali na sukuma, na harufu ya mchele ule laini ikitawala chumba kizima.

Siku ya kwanza Baba alikula vijiko vichache, akapumua, akakata yai katikati, akasogeza sahani. "Malizia, mama. Nimeshiba."

Mama alinyoosha mkono akairudisha sahani mbele yake. Baba akaisogeza tena. Hawakupaza sauti. Mama alisema, "Baba Wafula, hiyo ni dawa. Dawa haigawanywi." Baba akajibu kwamba tumbo limekataa, na akanitazama mimi, nami nilikuwa nimeshajongea. Nilikula nusu ile ya yai kwa kuilamba kwanza, chumvi yote, kisha ute, kisha kiini. Ladha yake bado naijua. Mama aliondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Akaanza kupigana vita vya kimyakimya. Alimpakulia Baba tukiwa shuleni, na tuliporudi tulikuta sahani imefunikwa juu ya kabati, samaki wangu ndani yake. Alimpakulia nikiwa nimelala, nami nikajifunza kutolala. Alinituma dukani kununua kiberiti ambacho tulikuwa nacho. Nilikimbia nikarudi nikitweta, nikamkuta Baba ameshika kijiko hewani akinisubiri. Sasa nikifikiria, naona mwanamke yule alikuwa akishindana na watu wawili kwa mpigo, na kati ya hao wawili hakuna aliyekuwa adui yake. Lakini hakuniketisha aniambie. Hilo ndilo ninalolijutia kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe alilijutia mpaka nywele zikawa nyeupe. Kwetu mtoto wa kike haambiwi habari za tumbo la babake, sembuse habari za choo chake. Mama aliona ni afadhali kunizungushia kiberiti.

Ng'ambo ya ujia, mlango kwa mlango na sisi, aliishi Mama Zuhura. Alikuwa mjane, Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa Eastlands, na bintiye Zuhura alikuwa ameolewa upande wa Kariokor, kwa hivyo nyumbani kwake hapakuwa na mtoto hata mmoja. Alikaanga bhajia za viazi kwenye karai lililokaa mlangoni pake kuanzia alasiri. Mama akamwendea. Walikubaliana kwamba Mama atapeleka yai, samaki na mchele, Mama Zuhura atavipika, na Baba atavuka ujia na kula huko mahali ambapo hakuna macho ya mtoto. Mama Zuhura alikuwa mtu wa adabu zake. Hakukaa ndani na mume wa mtu. Alimwandalia chakula kwenye mkeka, akashusha pazia ili watoto wa ploti wasimchungulie, kisha yeye mwenyewe akakaa nje kwenye karai lake hadharani, akigeuza bhajia, mpaka mgonjwa amalize.

Na kwa muda mambo yalienda vizuri. Mama aliniambia baadaye kwamba Baba alimaliza sahani, siku baada ya siku. Mashavu yakaanza kujaa. Suruali ikaacha kuteleza. Kliniki walimpima wakamsifu, wakamwambia aendelee hivyo hivyo na watampangia siku ya kufungwa tumbo.

Mimi niliona mambo mengine. Niliona Baba hali tena nyumbani. Jioni alikaa nasi akanywa chai, mikono mitupu, na sahani ya kusogezwa upande wangu haikuwepo. Kisha alinyanyuka, akavuka ujia, akaingia kwa Mama Zuhura, na pazia likashushwa. Alitoka akifuta midomo, amebeba harufu ya nazi na iliki. Darasani kwetu kulikuwa na msichana ambaye babake alihama hivyo hivyo: alianza kwa kula kwa mama fulani, kisha akawa analala huko, kisha akawa baba wa watoto wengine. Msichana yule alinisimulia yote wakati wa mapumziko, kwa utulivu wa mtu mwenye uzoefu. Nikajumlisha moja na moja. Baba alikuwa anatuhama, ujia mmoja kwa wakati, na alianza na mimi.

Nilinuna. Nina kipaji cha kununa ambacho mume wangu anaweza kukishuhudia. Baba aliniita nisogee, nikageuka ukutani. Aliniuliza habari za shule, nikamjibu Wafula. Mbele ya Mama Zuhura nilipita bila kuamkia, na mtoto asiyeamkia watu wazima katika ploti ile alikuwa habari ya wiki nzima. Mama alinichapa kwa ukosefu huo wa adabu. Sikulia. Nilimwonea huruma, kwa kuwa nilidhani yeye peke yake ndiye asiyejua kinachoendelea. Na usiku nilimsikia Baba akimuuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, mtoto ana nini.

Siku moja alasiri sikuweza tena. Nilivuka ujia, nikapita nyuma ya Mama Zuhura aliyekuwa ameinama kuchochea makaa, nikasimama mbele ya lile pazia. Halikufika chini. Baba, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, aliona miguu yangu. Nilisikia kijiko kikitua kwenye sahani.

"Ni mama?" aliuliza.

Pazia likafunguliwa. Nilikuwa nimejiandaa kukuta nyumba mpya ya Baba, picha zake ukutani, labda mtoto mwingine kwenye goti la kushoto. Nilikuta mkeka, mto wa kuegemea, na sahani ya wali laini na samaki wa nazi asiye na pilipili. Mama Zuhura aligeuka kutoka kwenye karai, mwiko mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Baba Wafula, kula kwanza," alisema. "Mtoto hatakimbia. Kula, umalize, ndipo uzungumze naye." Baba alisema sawa. Alichukua kijiko, akakishika, akakirudisha. Akapapasa mkeka upande wa kushoto, nikaketi. Akala kidogo, akatafuna kwa muda mrefu huku akiniangalia, kisha akasogeza sahani.

"Malizia, mama. Nimeshiba."

Furaha niliyokuwa nayo siku ile sijaipata tena, hata nilipoolewa, na naomba mume wangu asome ukurasa huu akiwa ameketi. Baba hakuwa amehama. Nilikula samaki wote, nikakwangua mchuzi kwa kidole, na Baba akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu hospitali, akishikilia ubavu. Mama Zuhura alikuwa ametugeuzia mgongo. Alisema tu, kana kwamba anaambia mafuta, kwamba mtoto huyu ana kwao na chakula kwao kipo. Baba alijibu, "Najua."

Kuanzia hapo nilikuwa mgeni wa kila siku. Baba alisema hakuna haja ya kumsumbua Mama na habari hizo, nami nilidhani ni mchezo wetu wawili. Mama Zuhura alijaribu kila njia aliyoijua. Alinipa sahani yangu mwenyewe, imejaa, sawa na ya Baba. Nilikula yangu, kisha nikala baki ya Baba, kwa kuwa baki ya Baba haikuwa chakula. Alinipa bhajia ili nishibe kabla. Nilizila mlangoni na kuingia ndani. Alinituma mbali, na Baba akakaa na sahani mapajani mpaka niliporudi. Aliongeza wali kwenye sahani yake, naye akaacha zaidi. Nadhani alifika mahali ambapo angelazimika kumshitaki mwanamume mzima kwa mkewe kwa kosa la kumpenda mtoto, na mdomo ukamwia mzito. Nami nikanawiri. Mwalimu alinisifu kwa mashavu. Mama alinishika kidevu akasema hewa ya Kariobangi imenikubali.

Siku ya kurudi hospitali Mama alifunga mkoba: taulo, leso mbili, sabuni, kikombe cha bati ambacho Baba alikuwa amekigonga mwenyewe. Baba alikuwa anaenda kulazwa. Kwa maneno mengine alikuwa anaenda kufungwa, na Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Tuliporudi kutoka shuleni tuliwakuta nyumbani wote wawili. Mama alikuwa akitoa vitu mkobani kimoja kimoja na kuvirudisha mahali pake. Baba alikuwa ameketi kitandani na koti lake.

Niliruka kwa furaha, jamani. Niliwakumbatia wote wawili, nikacheza katikati ya chumba, kwa sababu hospitali haikumchukua Baba. Mama alisimama na taulo mkononi akinitazama nikicheza. Sasa najua alichokuwa ametoka kusikia. Walikuwa wamempima wakakuta amepungua, wakamuuliza Baba anakula nini, naye akawaambia anakula vizuri. Wakawaambia warudi nyumbani, Baba ale zaidi, waje tena. Walienda tena, wakarudishwa tena. Kisha kukawa na kodi ya nyumba na watoto wa shule, na Baba akarudi kwenye kibanda cha jua kali. Kuinua bati hakuweza, kwa hivyo vijana aliowafundisha kazi walipiga nyundo, yeye akabandika mishikio. Kliniki akaacha kwenda. Alisema amezoea.

Alizoea, ndiyo. Kanisani alihamia kiti cha mwisho karibu na mlango. Harusini na matangani alikaa peke yake kwenye upepo. Kwenda nyumbani magharibi kwa basi, saa zote zile kati ya watu, aliacha kabisa, na mamake alifariki akiwa hajamwona kwa miaka mingi. Nilipokua msichana nilimwona kama mzee mwenye kiburi, asiyependa watu. Nilimwambia hivyo siku moja kwa hasira za ujana, naye akakubali kwamba labda ni kweli. Mama Zuhura kwa wakati huo alikuwa amehamia kwa bintiye. Siku anaondoka alimwita Mama kando akamwambia yote, na Mama akayafungia kifuani mwake kwa sababu kulikuwa na faida gani tena.

Nilipopata kazi yenye bima nilimbeba Baba mpaka kwa daktari wa utumbo. Nilikuwa nimeapa kwamba mfuko ule nitauondoa. Tulikaa sote watatu, Mama akiwemo, mbele ya daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliyempapasa tumbo na kumsikiliza moyo mara mbili. Alitueleza bila kutuzungusha kwamba moyo wa mzee umechoka, na kumlaza kwa dawa za usingizi kwa ajili ya kazi kubwa kama ile kungekuwa hatari kuliko faida. Angekaa na mfuko wake. Halafu akauliza, kwa nia njema kabisa, swali ambalo sisi hatukuwahi kuuliza.

"Mzee, mbona hukufungwa wakati ule, ulipokuwa na nguvu?"

Baba alifikiri. "Nilikuwa na mtoto mdogo," alisema.

Daktari akaitikia kwa kichwa. Alidhani ni mambo ya karo. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka nilipomgeukia Mama nikaona ameinamisha uso.

Aliniambia kwenye benchi la nje, Baba akiwa amebaki ndani akiandikiwa dawa za moyo. Aliniambia habari za yai na uzani na pazia, na mkoba uliofungwa na kufunguliwa. Hakulia. Alizungumza akitazama sakafu, akikunja na kukunjua ncha ya leso. "Nilipaswa kukuketisha," alisema. "Ulikuwa mtoto wa kuelewa. Nikaona aibu ya ule mfuko. Nikasema huyu ni msichana, atajua nini." Nilitaka kumkasirikia, na hasira zangu kwa kawaida hazina haja ya kuitwa. Hazikuja. Nilimfikiria mwanamke aliyevaa nguo ya kanisani, ameshika taulo, akiangalia mtoto akicheza ngoma kwa sababu babake hakutibiwa.

Baba alipotoka, Mama alikwenda dirishani kuchukua dawa. Tulibaki wawili chini ya ukuta, yeye akifunga vifungo vya koti lake kwa vidole vilivyopindishwa na nyundo. Nilimuuliza kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilimuuliza kwa nini alininyamazia. Neno moja tu lingetosha, nilisema. Chakula hiki ni dawa yangu, mama, usikiguse. Kwa nini hakuniambia?

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo ambalo hata mtoto angelijua.

"Ungekataa kumalizia," alisema.